Kuwapeleka Wageni Visiwani Kutoka Ngoingwa: Anza na Maji, Hoteli Baadaye

Ndugu akishapiga simu kutoka Boston au Birmingham kusema anakuja Desemba na watoto, jambo la kwanza linaloulizwa katika nyumba nyingi za Ngoingwa, mtaani Thika, ni bei ya hoteli. La pili ni tiketi ya treni. Saa za maji kujaa na kupwa haziulizwi, ilhali ndizo zinazoamua kama siku nne za pwani zitakuwa za furaha au za kukaa kitini mkitazama bahari iliyokwenda mbali. Ushauri wangu ni kwamba ugeuze mpangilio huo: tafuta jedwali la maji kwanza, chagua kisiwa kinachoendana nalo, kisha ndipo utafute pa kulala. Nakushauri pia jambo ambalo huenda ukalikataa ukilisikia mara ya kwanza. Usiyakimbie maji yaliyopwa. Kwa familia ya bara, yenye shosho (bibi) wa miaka sabini na kitu, watoto waliozaliwa ughaibuni na watu wazima ambao hawajawahi kujifunza kuogelea, saa za maji kupwa ndizo saa bora za siku.

Maji ya Bahari ya Hindi katika pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na wavuvi huyaita maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huko Mombasa hupita mita tatu, na kwenye ufuo tambarare kama wa Watamu au Diani bahari hurudi nyuma mamia ya mita hadi karibu na mwamba. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi. Mtu aliyeona picha ya maji ya samawati yanayogusa minazi, akafika siku ya bamvua saa tano asubuhi, atadhani amedanganywa. Picha ilikuwa ya kweli. Ilipigwa saa nyingine.

Sasa liangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalokurahisishia mipango. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu huwa kinyume: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni. Huhitaji chombo chochote kujua uko wapi kwenye mzunguko huo. Ukitaka uhakika, Mamlaka ya Bandari Kenya hutoa jedwali la maji la Kilindini, na saa zake hazipishani sana na za Shimoni au Lamu. Ukitaka njia ya mkato, muulize jirani Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Siku tatu za mwanzo na zile za kuanzia tarehe kumi na tano ni bamvua; karibu na tarehe nane na ishirini na tatu ni maji mafu. Nahodha wa kisiwa cha Wasini atakupa jibu lile lile bila kutazama karatasi.

Kwa nini basi maji yaliyopwa yaifae familia yako? Fikiria ni nani hasa walio ndani ya gari. Thika iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wengi waliokulia huku wanajua mito inayofurika kwa mvua na mabwawa ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo mtoto hukatazwa kuingia. Maji ya kina kirefu kwao ni hofu halali. Wajukuu waliotoka ng'ambo, kwa upande wao, huenda wamefunzwa kuogelea shuleni. Ukiwapeleka wote ufuoni maji yakiwa yamejaa, familia hugawanyika mara moja: wajukuu ndani ya mawimbi, shosho na guka (babu) kivulini na mikoba, na mama mmoja amesimama kati yao akihesabu vichwa. Mnakuwa mmesafiri zaidi ya kilomita 500 ili mkae mbalimbali. Maji yakipwa, hali hubadilika. Pale palipokuwa na mita mbili za maji panabaki uwanja wa mchanga, nyasi za bahari na vidimbwi vya maji ya vuguvugu yanayofika kwenye vifundo. Shosho anaweza kutembea humo akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, wote wawili wakiinama kutazama kitu kimoja: kiti cha pweza chenye mikono mitano kikisogea polepole kuliko mshale wa saa, kaa mdogo anayekimbia upande, jongoo bahari mweusi aliyelala kama kipande cha mpira. Akina mama wa vijiji vya pwani hutoka saa hizo hizo na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba. Ukiwasalimu vizuri na kuomba ruhusa, huenda wakawaonyesha jinsi shimo lenye pweza linavyotambulika kwa maganda ya chaza na kaa yaliyotupwa mlangoni.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege hakuja kutazama jongoo bahari, alikuja kuogelea. Ndiyo, na bamvua halimnyimi hilo. Kwa kuwa maji hupwa asubuhi na kujaa saa kumi, siku hiyo moja huwapa nyote mnachotaka: matembezi kabla jua halijawa kali, chakula na usingizi wa mchana kivulini, kisha kuogelea jioni jua likiwa limelegea. Siku za maji mafu hazina mgawanyo mzuri hivyo. Zina faida nyingine ya mikondo dhaifu, kwa hiyo ziweke kwa safari za mashua na za kutazama samaki kwa miwani ya maji.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaojali bahari: kuwapeleka watu kwenye mwamba ulio wazi si kuukanyaga na kuuua? Hilo linahitaji jibu la kweli, kwa sababu matumbawe yetu yameshaumia. Mwaka 1998 joto la bahari lililoandamana na El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na yanayoota tena huchukua miaka mingi. Lakini matembezi ninayoyazungumzia ni ya kwenye mchanga na vidimbwi vilivyo kati ya ufuo na mwamba, si juu ya matumbawe hai. Ukiona kitu kigumu chenye rangi na matawi, zunguka. Waambie watoto kanuni moja inayoeleweka: tazama, usiokote. Ndani ya hifadhi za baharini kuokota kombe ni kosa, na kasa analindwa na sheria kila mahali, akiwa hai au gamba tupu. Mgeni atakayenunua kombe kubwa barabarani anaweza kunyang'anywa kwenye uwanja wa ndege, Nairobi au huko anakorudi. Na matembezi hayo yafanywe kwa viatu. Kwenye vidimbwi kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo, na samaki jiwe ambaye hutamtambua hadi umkanyage. Raba kuukuu zinatosha. Ndara huchomoka kwenye matope.

Pingamizi la kuhusu tarehe ndilo linalosemwa zaidi: likizo hupangwa na mwajiri na shirika la ndege, si na mwezi. Kweli, huwezi kuhamisha Krismasi. Lakini mgeni anayekaa nyumbani wiki tatu hukutana na bamvua angalau mara moja na maji mafu angalau mara moja, kwa sababu vipindi hivyo hupokezana kila baada ya wiki moja hivi. Ruracio (sherehe ya mahari), ibada ya shukrani na ziara za kwa shangazi Murang'a zinaweza kusogezwa siku nne mbele au nyuma kwa urahisi kuliko bahari. Na kama tarehe haziwezi kusogezwa hata kidogo, basi badilisha kisiwa. Hapo ndipo jedwali linapokuwa na thamani kubwa zaidi.

Mkiangukia bamvua, nendeni Watamu au Wasini. Watamu iko takriban saa mbili na nusu kwa gari kaskazini mwa Mombasa, na mbele ya ufuo wake kuna visiwa vidogo vya mwamba. Maji yakipwa mnatembea kwa miguu juu ya mchanga hadi Kisiwa cha Sudi, bila mashua wala nauli. Karibu na Mayungu, kati ya Watamu na Malindi, fungu la mchanga mweupe huibuka katikati ya bahari kwa saa chache, na mashua hupeleka watu huko. Uzuri huu una sharti moja lisilo na mjadala: maji yakianza kurudi, rudini. Hayarudi kwa kishindo. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufuo, huku mchanga mliosimama juu yake ukiwa bado mkavu. Mzee asiyejua kuogelea hapaswi kukutwa huko. Fika nusu saa kabla ya maji kupwa kabisa na uondoke nusu saa baadaye. Mida Creek iliyo jirani ina daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na linawafaa wasioweza mchanga.

Wasini ni ya namna nyingine, na kwa maoni yangu ndicho kisiwa bora zaidi kwa familia yenye vizazi vitatu. Unavuka kutoka Shimoni, takriban kilomita 75 kusini mwa Mombasa, kwa mashua inayochukua dakika chache tu. Kisiwani hakuna magari, kwa hiyo mtoto anaweza kuachiliwa atembee. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, mawe ya kijivu yaliyochongwa na maji kwa maumbo ya ajabu, yaliyobaki juu bahari ilipoteremka zamani. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya bustani hiyo na kuingia kwenye mikoko, na ada unayolipa inabaki kijijini. Mzee anaweza kuitembea yote bila kulowa. Kisiwa hakina mito, na maji ya kunywa yamekuwa taabu hapo kwa vizazi. Wenyeji wametegemea sana mvua inayovunwa kwenye paa. Bebeni maji yenu ya kutosha na msiyaombe ya kuoga. Kutoka hapo hapo huanza safari za Hifadhi ya Bahari ya Kisite, iliyotengwa miaka ya 1970, ambako pomboo huonekana mara kwa mara na matumbawe yapo katika kina ambacho mtu mwenye jaketi la kuokolea maisha anaweza kuyaona akielea. Hiyo ndiyo safari ya kuiwekea siku ya maji mafu, asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Lamu ni mbali zaidi, na watu hupotea njia kwa kudhani ni mahali pa kuogelea tu. Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita kumi na zaidi na ni mzuri mno, ila sehemu kubwa yake haina mwamba wa kuukinga, kwa hiyo mawimbi na mikondo hufika kwa nguvu. Watoto waogelee upande wa mkondo wa Lamu, karibu na kijiji, si mbele kwenye bahari kuu. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo huo huchuja mvua na kulisha visima vya mji. Msiviharibu wala msiache taka. Huko Lamu maji yaliyojaa ndiyo yanayotawala. Magofu ya Takwa kwenye Kisiwa cha Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa mashua haipiti. Safari za Kisiwa cha Pate nazo hufuata saa za maji. Nahodha akikwambia mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, usibishane naye kwa sababu ya kifungua kinywa.

Mwezi hauko peke yake, kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na ndipo maji huwa safi na safari za visiwani huwa rahisi. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, ikileta mvua za masika mwanzoni, bahari chafu, na mwani unaorundikana ufuoni. Ndugu wengi wa Ulaya huja Julai na Agosti kwa sababu ya likizo za shule, na hao ni wageni wa kusi. Usiwaahidi Kisite mchana. Wapeleke mahali palipokingwa: Mida, mkondo wa Lamu, hori la Kilifi. Waambie pia kwamba huo ndio msimu ambao nyangumi hupita pwani yetu, na kutoka Watamu mashua kubwa huenda kuwatazama. Mwezi wa Mei ningeuacha kabisa. Mvua ni nyingi na hoteli kadhaa ndogo za Watamu na Lamu hufungwa.

Kuhusu njia, familia yenye wazee ichukue treni. Kutoka Ngoingwa mnashuka hadi barabara kuu ya Thika, mnakata Ruiru kwenye barabara ya mchepuko ya mashariki hadi barabara ya Mombasa, kisha Syokimau. Tengeni saa mbili, na mfike stesheni mapema kwa sababu ukaguzi wa mizigo ni mrefu. Tiketi za Desemba huisha haraka. Zikate mara tu zinapoanza kuuzwa. Stesheni mtakayoshukia, ya Miritini, iko bara, nje ya kisiwa cha Mombasa, na kwa wanaokwenda Diani au Shimoni barabara ya Dongo Kundu huwaepusha na foleni ya feri ya Likoni. Wanaokwenda Lamu wapande ndege hadi Manda na kuvuka kwa mashua. Barabara ya Garsen hadi Mokowe imewahi kushuhudia mashambulizi, na serikali za nchi wanakotoka wageni wako huenda zina maonyo yanayogusa bima yao. Waulize hilo kabla hawajapanda ndege.

Kwenye mashua, kanuni ni chache. Kila mtu avae jaketi kabla ya kung'oa nanga, na wewe mwenyeji uvae la kwanza ili shosho asione aibu. Hesabu majaketi yaliyopo, yakiwemo ya watoto, kabla hujakubaliana bei. Yakipungua hata moja, tafuta chombo kingine. Bei iafikiwe kwa jumla, si kwa kichwa, na itajwe waziwazi kama inajumuisha chakula na ada ya hifadhi. Ada hiyo hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia mtandao wa eCitizen, na hutofautiana sana kati ya raia, mkazi na mgeni. Hapa ndipo familia za mchanganyiko hupoteza pesa. Ndugu aliyechukua uraia wa Marekani lakini bado ana kitambulisho cha Kenya abebe kitambulisho hicho, na watoto wabebe vyeti vya kuzaliwa au pasipoti za Kenya kama wanazo. Chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja havikubaliwi kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa tangu Juni 2020. Bebeni chupa za kujaza tena.

Huenda ukaambiwa kwamba ufuo fulani ni wa hoteli na kwamba familia isiyolala hapo haina ruhusa ya kupita. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kukukataza kukatiza bustanini mwake, na ina haki hiyo. Haiwezi kukufukuza kwenye mchanga ambao maji huufunika na kuuacha. Tafuta njia ya umma ya kushukia, tembea kwa heshima, na usijibizane na mlinzi anayelipwa kusimama hapo. Kwa hiyo pia hamlazimiki kulala kwenye hoteli iliyo ufuoni. Nyumba ya kupanga iliyo kilomita moja ndani, yenye jiko na kivuli, huwatosha watu kumi kwa bei ya vyumba vichache.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Wasini na Lamu ni vijiji na miji ya Waislamu, na mavazi ya kuogelea huishia ufuoni. Mkoba uwe na leso mbili tatu za kujifunga kabla ya kupita mitaani. Watoto wa ng'ambo wafunzwe shikamoo wakiwa bado Ngoingwa, maana huko wataihitaji kila hatua. Pwani ina malaria zaidi kuliko Thika, na aliyekulia kwenye baridi ya milimani hana kinga zaidi ya mgeni wa London, kwa hiyo nyote muulizeni daktari kuhusu dawa wiki mbili kabla, na mlale ndani ya chandarua. Siku ya kurudi msiipangie bahari. Treni haisubiri maji, na nguo zenye chumvi hazikauki kwa saa mbili. Mkiamka mapema siku hiyo, wapeleke wazee sokoni wakachague nazi na achari za kuwapelekea majirani.